Halloween ikibisha Kangeta: Watoto waende mchana, nyuso wazi, kwa watu wanaowajua

KILA ifikapo Oktoba 31, familia za Igembe zenye jamaa ughaibuni hupokea picha za aina moja kwenye simu. Wajukuu walio Minnesota, Texas au Massachusetts wamevaa kanzu nyeusi na vinyago vya mafuvu, mashavu yamepakwa rangi nyekundu mithili ya damu, na kila mmoja ameshika ndoo ya plastiki iliyojaa peremende. Wamezunguka mtaani tangu giza lilipoingia, wakabisha kila mlango wenye taa, na wenye nyumba wakawapa. Jijini Nairobi nako, baadhi ya maduka makubwa, mikahawa na shule za kibinafsi huipamba siku hiyo kwa malenge yaliyochongwa macho na meno.

Kangeta, hapa Meru, haijafika huko. Hapa malenge huchemshwa yakaliwa. Hata hivyo mtoto wa Kangeta naye hushika simu ya mamake jioni, ana binamu Nairobi na shangazi Marekani, na anaijua Halloween kuliko babu yake anavyodhani. Siku moja, mwaka huu au miaka mitano ijayo, atauliza: mbona sisi hatuendi? Wazazi, walimu na wachungaji wa Igembe ya Kati watahitaji jibu la busara, na jibu la busara halipatikani kwa ghadhabu ya siku moja.

Msimamo wangu nautaja mapema. Mtoto kubisha mlango wa jirani, akasalimia na akapewa kitu kidogo cha kumfurahisha ni jambo jema, na tunapaswa kuliruhusu bila kusita. Lakini mtoto kutembea usiku, uso umefunikwa, akimwambia mtu mzima ampe peremende, la sivyo atamfanyia kituko, hilo tulizuie Kangeta. Tukilizuia, tulizuie kwa kukaa na watoto na mama zao tukazungumza, wala si kwa amri inayotolewa barazani na kusahaulika kabla ya soko kufungwa.

Walioianzisha nao waliiwekea mipaka

Wanaoitetea Halloween husema ni mchezo tu. Wanaoipinga husema ni ibada ya shetani. Historia yake ni ndefu kuliko kauli zote mbili. Mizizi yake iko Ireland na Scotland, ambako Waselti wa kale waliadhimisha Samhain, mwisho wa mavuno na mwanzo wa majira ya baridi. Kanisa nalo likaja kuiweka Sikukuu ya Watakatifu Wote Novemba 1, na Kumbukumbu ya Marehemu Wote Novemba 2. Muumini wa Kikatoliki wa Kangeta anazijua siku hizo mbili vizuri, kwa kuwa ndizo zinazofungua mwezi wa kuwaombea waliotangulia. Halloween ni mkesha wa Watakatifu Wote.

Uingereza ya zamani, maskini na watoto walipita nyumba hadi nyumba majira hayo wakipewa mikate midogo, nao wakaahidi kuwaombea marehemu wa nyumba ile. Katika karne ya 19 wahamiaji wa Ireland na Scotland walivuka bahari na desturi zao hadi Marekani na Canada. Huko mambo yakageuka. Kufikia miaka ya 1920 na 1930, usiku huo ulikuwa wa vijana kuvunja madirisha, kung'oa malango na hata kuwasha moto. Watu wazima walipochoka na hasara, hawakuishia kuwafukuza vijana. Shule, vilabu na mabaraza ya miji vilipanga karamu na kuwahimiza wenye nyumba wawape watoto vitu vitamu, ili nguvu za ujana zipate njia nyingine. Kubisha milango kwa peremende kulienea kwa sababu wazee waliamua kulisimamia jambo ambalo tayari lilikuwa limewashinda.

Mwaka wa 1950, mchungaji Clyde Allison na mkewe Mary Emma, wa eneo la Philadelphia, walianzisha mpango wa watoto kuomba sarafu badala ya peremende, fedha zikaenda kwa UNICEF kuwasaidia watoto wa nchi nyingine. Desturi ileile iliyokuwa ya vurugu ikawa ya sadaka.

Wala mipaka haijaisha hadi leo. Mji wa Chesapeake, jimbo la Virginia, ulikuwa na sheria iliyomkataza aliyezidi miaka 12 kubisha milango, na adhabu yake ilifika kifungo cha miezi sita. Mwaka wa 2019 umri ukapandishwa hadi miaka 14 na kifungo kikaondolewa. Bathurst, nchini Canada, nao uliweka kikomo cha umri na saa ya mwisho ya watoto kuwa nje. Basi mzazi wa Kangeta asiambiwe kwamba kuuliza maswali ni ushamba. Wenye Halloween yao wamekuwa wakiulizana maswali hayohayo kwa karibu miaka 100.

Hofu ipi ya kweli?

Hofu inayosambaa zaidi ni ya peremende zenye sumu. Profesa Joel Best wa Chuo Kikuu cha Delaware amefuatilia taarifa za aina hiyo tangu zile za mwaka wa 1958, na hajapata kisa kilichothibitishwa cha mtoto aliyeuawa na peremende aliyopewa na mtu asiyemjua kwenye Halloween. Kisa kinachotajwa sana ni cha Texas mwaka wa 1974, mtoto wa miaka minane alipokufa kwa unga wa pipi uliotiwa sayanidi. Uchunguzi ulionyesha kuwa aliyeitia sumu ni babake mzazi, Ronald Clark O'Bryan, akiitamani bima ya maisha. Aliuawa kwa sindano ya sumu mwaka wa 1984 kwa hukumu ya mahakama.

Hatari iliyothibitishwa ni gari. Utafiti uliochapishwa na jarida la JAMA Pediatrics mwaka wa 2018 ulichunguza ajali za Marekani kuanzia 1975 hadi 2016. Uligundua kuwa hatari ya mtu anayetembea kwa miguu kugongwa akafa ilikuwa juu kwa asilimia 43 jioni ya Halloween ikilinganishwa na jioni za kawaida za majira hayo. Walioumia zaidi ni watoto wadogo. Hayo yalitokea katika nchi yenye taa za barabarani na njia za waenda kwa miguu.

Kuna pia hofu ya imani, na hiyo haifai kudharauliwa. Nchi hii iliwahi kuchukulia tuhuma za ibada ya shetani kwa uzito hivi kwamba mwaka wa 1994 Rais Daniel arap Moi aliunda tume ya kuzichunguza, akampa uenyekiti Askofu Mkuu Nicodemus Kirima wa Nyeri. Mzazi aliyelelewa katika Methodisti, katika Katoliki au katika makanisa ya kipentekoste ya Nyambene akiona mtoto amevaa mafuvu na pembe, moyo wake hushtuka kwa haki. Nyumba yake ni yake, na asilazimishwe kuipokea sherehe asiyoiamini. Lakini tukimwambia mtoto wa miaka sita kwamba ameshirikiana na shetani kwa kuvaa kofia ya karatasi, tunamtia hofu isiyomjenga. Tumweleze kwa upole kwamba nyumbani kwetu hatuchezi na sura za kifo, na tumpe mchezo mwingine.

Usiku wa Kangeta haufanani na wa Minnesota

Hapa ndipo ninapowaomba wasomaji watulie, maana mjadala huu hupotea tunapouzungumzia kana kwamba kila mtaa duniani ni sawa.

Kangeta iko kando ya barabara ya Meru kwenda Maua, kwenye miteremko ya Nyambene, na maisha yake yanaendeshwa na miraa. Alfajiri wavunaji wako juu ya miti. Kufikia mchana, vijana wameketi kwenye vibaraza wakipanga vijiti kwa urefu, wakivifunga mabunda, wakiyavika majani ya ndizi ili yasikauke, kisha wakiyashindilia magunia. Pikapu husubiri injini ikinguruma. Miraa ikichelewa hupoteza thamani, kwa hivyo dereva akishapewa ishara huondoka kwa mwendo ambao kila mkazi anaujua, na kuku, mbuzi na binadamu humpisha. Hiyo ndiyo barabara ambayo mtoto aliyevaa kinyago chenye matundu mawili madogo ya macho angepaswa kuivuka, amevaa nguo nyeusi, saa moja ya jioni.

Tena Oktoba inapoisha, mvua za vuli huwa zimeshika. Ukungu hushuka Nyambene, udongo mwekundu huteleza, na kwa kuwa tuko karibu na ikweta, saa moja ya jioni giza limekwisha kutanda. Msimu huo pia ni wa mitihani ya kitaifa, na mtahiniwa anahitaji kulala mapema.

Lipo jambo zito zaidi ambalo mgeni hawezi kulifikiria. Mashamba ya miraa hulindwa usiku. Miti ya kale inayoitwa mbaine ni urithi wa ukoo, na mazao yake ya usiku mmoja yakiibwa, familia hukosa karo. Mlinzi hukesha akiwa na panga, mara nyingine na mbwa. Akiona kundi la watu waliofunika nyuso likipita kati ya miti gizani, hatawaza sherehe za Marekani. Atawaza wezi, na wezi wa miraa hawajapata kuhurumiwa Igembe. Sitaki kuandika siku moja kuhusu mtoto wa darasa la nne aliyejeruhiwa kwa sababu alivaa kinyago alichokiona kwenye simu.

Ongeza hatari ya kinachowekwa mkononi. Hapa Kenya polisi wamewahi kuwanasa watu wakiwauzia wanafunzi biskuti zilizotiwa bangi. Katika eneo ambalo vijana wadogo huvutwa mapema kwenye kazi ya kuvuna na kufunga miraa, na ambako pesa taslimu na vitafunaji viko kila kibaraza, kumzoesha mtoto kupokea chochote kutoka kwa mtu yeyote ni kumfungulia njia mbaya.

Tuna desturi zetu za kupita milango

Hayo yote hayamaanishi kwamba mtoto wa Kenya ajifungie ndani. Desturi ya watoto kupita nyumba hadi nyumba tunayo, tena kongwe, na inafaa tuitazame kabla ya kuiga ya mbali.

Nenda Lamu, Mombasa au Unguja siku ya Idi. Baada ya sala, watoto wametoka wamevaa nguo mpya ambazo mikunjo ya dukani bado inaonekana. Wanaingia kwa bibi, kwa shangazi, kwa jirani wa ukuta mmoja. Wanatoa salamu na kubusu mkono, kisha wanapewa mkono wa Idi: sarafu, noti ndogo, tende, halua au visheti. Hakuna anayefunika uso, kwani ni lazima mwenyeji aujue. Bibi anataka kumwona huyu ni mtoto wa nani na amekua kiasi gani. Ni mchana, na kila mlango unajulikana.

Ng'ambo ya bahari, Oman, ambako Kiswahili bado kinazungumzwa katika nyumba nyingi zenye asili ya Zanzibar, watoto huadhimisha Qaranqasho katikati ya Ramadhani. Baada ya futari hupita milango ya mtaa wakiimba, na vifuko vyao hujazwa njugu, peremende na sarafu. Kuwait wana Gargee'an, Qatar wana Garangao. Ni usiku, ndiyo, lakini ni usiku ambao mtaa mzima uko macho, wazazi wamesimama milangoni, na mavazi ni ya heshima.

Hapahapa Kenya, Wabukusu wa Bungoma hutahiri Agosti ya miaka shufwa. Mvulana anayejiandaa hupiga njuga za mikononi ziitwazo chinyimba na kwenda kwa jamaa kuwaalika, akisindikizwa na wenzake na waliomzidi umri. Kwa mjomba wake wa upande wa mama huvishwa shingoni nyama ya kidari. Mlango anaoufikia ni wa ukoo, na anachopewa kina maana ambayo ukoo mzima unaielewa.

Tazama kinachoziunganisha desturi hizi tatu: mtoto anajulikana, mwenyeji anajulikana, mtu mzima anasimamia, na mtoto huanza kwa salamu au wimbo badala ya tishio. Zinapoharibika, huharibikia palepale mtu mzima anapoondoka na giza likaachiwa vijana. Wakenya tumeliona hilo kwenye disko matanga, ambapo mikesha ya msiba iligeuka kumbi za ngoma na wasichana wadogo wakarudi nyumbani na mimba.

Funzo la Meru la mwaka wa 1956

Basi si tupige marufuku tu, mambo yaishe? Meru ina sababu ya kutolikimbilia jibu hilo.

Mwaka wa 1956, baraza la wazee la Njuri Ncheke, likishirikiana na serikali ya kikoloni, lilipiga marufuku ukeketaji wa wasichana wilayani Meru. Lengo, tukilitazama leo, lilikuwa jema, na Sheria ya mwaka wa 2011 inaukataza ukeketaji kote nchini. Lakini mwaka ule amri ilitoka kwa wazee wanaume na maafisa wa kikoloni, katikati ya hali ya hatari ya Mau Mau, bila mama na binti kuketishwa na kusikizwa. Siku chache baadaye wasichana walianza kujikeketa wenyewe kwa wembe, wakajiita Ngaitana, yaani nitajitahiri mwenyewe. Katika miaka mitatu iliyofuata, watu zaidi ya 2,400 walishtakiwa kwa kuvunja amri hiyo. Waliokusudiwa kulindwa ndio walioumizwa, na ndio waliotozwa faini.

Halloween haina uzito wa jambo hilo, wala sisemi vinalingana. Ninachokiona ni tabia ya marufuku. Amri isiyoelezwa humfanya kijana aone kilichokatazwa kuwa cha thamani. Watu wa Igembe wanalijua hilo kutoka upande wa pili pia. Uingereza ilipoipiga miraa marufuku Juni 2014, walilalamika kwamba maisha yao yaliamuliwa na watu wasiowauliza. Mwaka wa 2024 wakulima wa Embu wa muguka, aina ya miraa, walilalamika vivyo hivyo kaunti za Pwani zilipolizuia zao lao. Anayedai kusikizwa na mkubwa wake naye amsikize mtoto wake.

Na sheria yetu inataka hivyo. Kifungu cha 53 cha Katiba kinasema maslahi bora ya mtoto yatangulie katika kila jambo linalomhusu. Sheria ya Watoto ya mwaka wa 2022 inamkinga dhidi ya madhara, lakini pia inatambua haki yake ya kucheza na kupumzika. Kumlinda mtoto na kumnyima furaha ni mambo mawili tofauti, na mzazi mwenye bidii huweza kufanya la kwanza bila kufanya la pili.

Kifanyike nini?

Kwanza, shule na makanisa ya Kangeta yachague siku yao ya watoto kutembelea milango. Desemba inafaa zaidi kuliko Oktoba: mitihani imekwisha, jamaa wamerudi kutoka Nairobi na Mombasa, na Krismasi tayari ni msimu wa kupeana. Kanisa lisilotaka kuiacha Oktoba lina mfano wa Jimbo Kuu la Paris, lililoanzisha Holywins mwaka wa 2002, watoto wakavaa kama watakatifu badala ya mizimu.

Pili, iwe mchana, na kila mtoto awe nyumbani kabla ya saa kumi na mbili jioni. Kundi lisikose mtu mzima anayejulikana, na watoto wasivushwe barabara ya Maua bila yeye kutangulia.

Tatu, nyuso ziwe wazi. Rangi, kofia, mashuka na njuga ni sawa. Kinyago cha kumficha mtu hapana, kwa usalama wa mtoto na kwa amani ya mlinzi wa shamba.

Nne, milango iandaliwe. Makundi ya ujirani ya Nyumba Kumi yapo kwa kazi ya namna hii. Wenye nyumba walio tayari waorodheshwe, na asiyetaka kwa sababu ya imani, msiba au ukosefu apitwe kwa heshima. Mtoto asifundishwe kumtisha mtu kwa kuwa hana cha kumpa. Ndizi mbivu, njugu karanga, miwa na viazi vitamu vinatosha. Si lazima peremende za dukani. Vyote vifike kwa mzazi kabla ya kuliwa.

Tano, mtoto aelezwe mapema la kufanya mtu mzima akimwita ndani peke yake au akimpa asichokielewa: aondoke, aseme. Namba 116 ya kuripoti dhuluma kwa watoto hupigwa bila malipo, na kila mtoto wa shule anapaswa kuijua kwa kichwa.

Sita, machifu wasubiri. Kabla ya kutoa onyo lolote kuhusu Halloween, waite mkutano wa wazazi, walimu na watoto wenyewe, wasikize kwanza. Onyo la usiku na vinyago litatiiwa ikiwa watoto wameshaonyeshwa mchana ambao ni wao.

Mzazi mwenzangu wa Kangeta, usingoje Oktoba 31 ikukute ukibishana na mwanao mlangoni. Zungumza naye wiki hii. Mwambie usiku hapana, na umweleze kwa nini. Kisha umtajie milango mitano ambayo Desemba ataibisha akikaribishwa kwa jina lake. Na wewe mwenye mlango, siku hiyo ufungue.